Kabureta na Mvuke wa Oili: Mwongozo Kamili wa Kuliseti Gari la Zamani

Gari la zamani likianza kunuka petroli, kutetemeka likisimama na kudondosha oili chini, watu wengi hukimbilia skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Wanazungusha kidogo, gari linatulia kwa muda, halafu linarudi palepale. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Kabureta na mfumo unaotoa mvuke kwenye tumbo la injini vinategemea mvuto wa manifoldi ileile (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), na kimoja kikiwa kibovu kingine hakisetiki. Kwa hiyo tutaanza na pumzi ya injini, tupite kwenye moto wa plagi na uvujaji wa hewa, ndipo bisibisi iguse kabureta.

Kinachotokea ndani

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila petroli inapowaka, sehemu ya gesi hupenya kati ya pistoni na ukuta wa silinda na kushuka hadi pale krenki inapozunguka. Gesi hiyo imebeba mvuke wa maji, petroli isiyoungua, tindikali na masizi. Ikikutana na matone ya oili yanayorushwa na krenki, ndiyo unapata ule mvuke mzito unaotoka ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa ya moto. Mafundi husema injini "inapumua". Gesi hiyo isipopewa njia itajitafutia yenyewe: sili ya nyuma ya krenki, gasketi ya kifuniko cha valvu, hata tundu la dipstiki. Kuna sili nyingi za krenki zilizobadilishwa bure, wakati kilichoziba kilikuwa ni bomba la bridha tu, yaani la kupumulia.

Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1960 yalikuwa na bomba tupu linaloshuka hadi chini ya gari, ncha yake imekatwa mshazari. Gari likienda kasi, upepo unaopita chini huvuta gesi. Likisimama au likitambaa, hakuna kinachovutwa, na unyevu hubaki ndani ukigeuza oili kuwa tope. Magari mapya yaliyouzwa California yalianza kuja na mfumo wa PCV, yaani wa kuvuta gesi za tumbo la injini, kwa modeli za 1961, na kufikia 1963 watengenezaji wa Marekani walikuwa wameueneza nchi nzima, kwa kuwa gesi hizo zilichangia sana uchafu wa hewa mijini. Mfumo wenyewe ni rahisi: mpira mmoja unavuta gesi kutoka kwenye injini na kuipeleka chini ya kabureta, na mpira mwingine unaleta hewa safi kutoka kwenye chujio la hewa ili ipite ndani ya injini na kusukuma unyevu nje.

Katikati ya njia ya kuvuta kuna valvu ya PCV. Ndani yake mna kipini chenye springi. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma yenyewe bila mguu kwenye akseleta, mvuto wa manifoldi ni mkubwa, kipini kinavutwa na kubakiza upenyo mdogo. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida mvuto unapungua, springi inakirudisha kipini na upenyo unapanuka, maana hapo ndipo gesi zinaongezeka. Ukikanyaga mpaka chini mvuto unakaribia kwisha, na gesi inayozidi hurudi kupitia ule mpira wa hewa safi hadi kwenye chujio la hewa, ikavutwa na kabureta kutoka juu. Injini ikirudisha moto kwenye manifoldi, kipini hujifunga ili mwali usifike kwenye mvuke wa oili.

Angalia maana yake kwa anayeseti kabureta. Valvu ya PCV ni uvujaji wa hewa uliopimwa kiwandani, na kabureta ilitengenezwa ikijua hewa hiyo ipo. Valvu ikiganda wazi, hewa inazidi na sailensi inakuwa nyepesi, yaani petroli ni kidogo kwa hewa iliyopo, na ya kuyumbayumba. Ikiziba, mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi. Ukiseti kabureta juu ya valvu mbovu, umeiseti kwa ajili ya ubovu.

Kuna mzunguko mwingine unaowapotosha watu kwa muda mrefu. Kabureta inayomwaga petroli nyingi huosha oili kwenye kuta za silinda, na petroli ile inashuka kuchanganyika na oili ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini ikipata moto, petroli hupanda kama mvuke, PCV inaivuta na kuirudisha kwenye manifoldi. Sasa injini inalishwa petroli kutoka sehemu mbili, na moja wapo haina skrubu. Utapunguza mchanganyiko hadi gari litulie, kisha ukibadilisha oili utashangaa mbona limekuwa jepesi na linakohoa. Ndiyo maana ninasisitiza: oili ikinuka petroli, au ikipanda kwenye dipstiki bila kuongezwa, imwage kwanza. Kagua pia pampu ya petroli ya kusukumwa na kemshafti. Kiwambo chake cha mpira kikichanika, petroli hushuka moja kwa moja kwenye oili, na hiyo ni hatari kwa beringi kuliko kabureta yoyote mbaya.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo), taa ya taimingi (ya kuangalia wakati wa cheche), mita ya kusoma mizunguko ya injini, geji ya vakyumu (ya kupima mvuto), na kitabu cha gari lako. Namba nitakazotoa ni za jumla. Kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu.

Fanyia kazi mahali pa wazi. Moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na kuseti huchukua muda injini ikiwa inawaka. Weka kizima moto cha unga karibu, vaa miwani, funga nywele na mikono ya shati mbali na feni. Usiinamie koo la kabureta wakati wa kuwasha, kwani injini iliyosetiwa vibaya inaweza kurudisha moto juu.

Hatua ya kwanza: pumzi ya injini

Washa injini ipate moto kamili. Chomoa valvu ya PCV kutoka kwenye kifuniko cha valvu, ikiwa bado imeunganishwa na mpira wake, halafu ziba mdomo wake kwa kidole. Unapaswa kusikia mvuto wa nguvu papo hapo, na mizunguko ishuke kidogo. Usiposikia kitu, mpira umeziba, umelala, au tundu la chini ya kabureta limejaa masizi. Zima injini, itoe valvu kabisa uitikise karibu na sikio. Inatakiwa ilie kwa mgongano mkavu wa chuma, isipolia, imeganda. Ila kulia peke yake hakutoshi, kwa sababu springi iliyochoka nayo hulia. Valvu si kitu cha bei, kwa hiyo ukiwa na shaka badilisha, ila weka ya injini yako hasa. Valvu mbili zinaweza kufanana kwa umbo huku springi na upenyo wake vikitofautiana.

Irudishe valvu, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu huku injini ikiwa kwenye sailensi. Baada ya muda mfupi karatasi inatakiwa ivutwe na kukaa. Ikipeperushwa, injini inatoa gesi nyingi kuliko mfumo unavyovuta.

Anayetaka uhakika zaidi achukue mpira mwembamba unaoonyesha ndani, aukunje umbo la U lenye miguu mirefu, atie maji kidogo, na aunganishe mguu mmoja kwenye bomba la dipstiki. Kwenye sailensi maji yanatakiwa yavutwe sentimita chache kuelekea injini, au angalau yabaki usawa. Yakisukumwa nje, tumbo la injini lina shinikizo. Kipimo hiki karibu hakigharimu chochote, na kinakueleza ukweli ambao macho hayaoni.

Kabla ya kulaumu ringi, fuata mipira yote kwa mkono. Mpira wa PCV lazima uwe wa kuhimili oili na mvuto. Mpira wa hita ya maji huvimba ukilowa oili, halafu hulala ndani na kuziba. Pinda popote penye kiwiko uone kama umepasuka upande wa chini, ambako nyufa hujificha. Fungua mpira wa hewa safi hadi mwisho wake kwenye chujio la hewa; mara nyingi kuna kichujio kidogo au wavu wa chuma wa kuzuia mwali, na kikijaa mafuta mazito mfumo mzima unakwama. Uoshe wavu kwa mafuta ya taa, ukaushe, urudishe. Usiutupe.

Tazama pia chini ya kifuniko cha valvu. Kiwandani huweka bati la kuzuia oili isirukie moja kwa moja kwenye tundu la bridha. Vifuniko vya urembo vinavyouzwa kwa kung'aa mara nyingi havina bati hilo, na matokeo yake PCV inavuta oili mbichi, plagi zinalowa na moshi wa bluu unatoka kwenye injini ambayo ringi zake ni nzima. Hali ileile hutokea oili ikijazwa kupita alama ya juu.

Ukikuta uji mweupe kama krimu chini ya kifuniko cha oili, usikimbilie kufungua silinda hedi. Safari fupi fupi ambazo injini haipati moto huleta uji huo, na themostati iliyoganda wazi pia. Angalia maji ya rejeta: yakipungua bila kuvuja, au dipstiki yenyewe ikiwa na uji, hapo gasketi ya hedi ni mshukiwa halali.

Kama mfumo wote ni msafi na bado karatasi inapeperushwa, pima kompresheni. Plagi zote nje, koili imekatwa moto, akseleta imekanyagwa mpaka chini. Andika namba za kila silinda, kisha tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipobadilika, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Injini yenye ringi zilizokwisha haitibiwi na kabureta, na ni afadhali ujue sasa.

Hatua ya pili: moto na valvu

Sehemu kubwa ya magonjwa yanayoitwa ya kabureta ni ya moto wa plagi. Seti tapeti (nafasi za valvu) kwanza kwa fila geji, kisha platini (swichi ya cheche ndani ya distribyuta), kisha taimingi, kwa mpangilio huo, kwa sababu kila moja huathiri inayofuata. Platini nyingi hukaa karibu na milimita 0.4, na plagi za mifumo hiyo kati ya 0.6 na 0.8. Ukigusa platini, taimingi imehama, hivyo ipime tena kwa taa. Vuta kwa mdomo mpira wa vakyumu wa distribyuta, baada ya kuufuta, uone kama sahani ya ndani inasogea na kubaki. Kiwambo kilichotoboka hapo ni uvujaji wa hewa na pia ni taimingi mbovu kwenye mwendo wa kawaida.

Hatua ya tatu: hewa ya wizi na usawa wa petroli

Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Injini nzima ikiwa usawa wa bahari husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi, na usomaji hushuka takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Sindano iliyotulia lakini iko chini yaweza kuwa taimingi iliyochelewa au hewa ya wizi. Sindano inayodunda kwa mpigo uleule inaelekeza kwenye valvu moja.

Tafuta hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupitia kabureta, kwa kubana mpira mmoja mmoja kwa koleo laini: wa busta ya breki, wa distribyuta, wa PCV. Mizunguko ikibadilika sana ukibana wa busta, busta inavuja. Kwa gasketi ya kabureta na ya manifoldi, wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza mlio. Inafanya kazi, ila dawa hiyo inawaka, na waya wa plagi uliochakaa au eksozi ya moto vinatosha kuiwasha. Mashine ya moshi ni salama zaidi ikipatikana. Usisahau ekseli ya kipepeo cha kabureta yenyewe, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa: itikise kwa vidole, na ikicheza kwa kuonekana, hewa inapita kwenye matundu yake na hakuna skrubu itakayoiponya. Hapo kabureta inahitaji bushi mpya.

Petroli nayo ina usawa wake. Boya la kabureta likiwa juu sana, petroli hufurika kwenye kona na kwenye sailensi. Likiwa chini, injini hufa ukikanyaga kwa muda mrefu. Toa boya, litikise usikie kama lina petroli ndani, litumbukize kwenye maji ya moto uone kama linatoa mapovu. Kagua sindano ya boya: ncha yenye mstari wa mviringo uliochimbika haizibi tena. Pampu yenye nguvu kupita kiasi pia huishinda sindano nzuri. Kabureta za SU hutaka shinikizo la psi 2 hadi 3 hivi, wakati Holley nyingi hutaka 5 hadi 7, kwa hiyo pampu ya umeme iliyonunuliwa bila kuangalia namba ni chanzo cha mafuriko.

Petroli yenye ethanoli hulainisha mipira ya zamani na viwambo vya zamani. Badilisha mipira ya petroli iwe ya aina inayohimili ethanoli kabla haijaanza kumeguka na kupeleka vumbi jeusi kwenye jeti, vile vitundu vinavyopima petroli. Jeti zikiziba, zisafishe kwa dawa na upepo wa kompresa. Waya wa chuma haufai kabisa: jeti iliyoandikwa 120 kwenye kabureta ya Weber au Solex ina tundu la milimita 1.20, na kuikwaruza mpaka 1.25 kunaongeza eneo la kupitisha petroli kwa zaidi ya asilimia 8, bila namba iliyochongwa juu yake kubadilika.

Hatua ya nne: kuseti sailensi

Injini iwe na moto kamili, choki iwe wazi kabisa, taa zote zimezimwa. PCV na mipira yake yote iwe imeunganishwa, na chujio la hewa liwe mahali pake ikiwezekana. Ukiseti bila chujio, halafu ulirudishe limejaa vumbi na oili, kazi imeharibika.

Kabureta nyingi za koo lisilobadilika, kama Weber, Solex na Holley, zina skrubu mbili muhimu: ya mwendo, inayofungua kipepeo, na ya mchanganyiko, inayoruhusu petroli ya sailensi.

1. Injini ikiwa imezimwa, ifunge skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka ikae, bila kukaza. Ncha yake ni sindano, na ukiikaza itachimbika na haitaseti tena. Ifungue raundi moja na nusu kama mwanzo.
2. Washa. Weka mizunguko kwenye namba ya kitabu kwa skrubu ya mwendo. Mara nyingi ni kati ya 700 na 900 kwa dakika.
3. Ifunge skrubu ya mchanganyiko robo raundi kwa wakati mmoja, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara, mpaka injini ianze kusita. Sasa ifungue polepole mpaka mizunguko au geji ya vakyumu ifike juu kabisa.
4. Rekebisha tena skrubu ya mwendo, kisha rudia namba 3. Rudia mpaka hakuna kinachobadilika.
5. Mwisho ifunge skrubu ya mchanganyiko kidogo, mizunguko ishuke kama 20 hadi 30. Hapo injini inaungua safi bila kukosa nguvu ya kushika.

Kabureta yenye skrubu mbili za mchanganyiko, kama Holley za koo mbili au nne, zizungushe zote kwa kiasi kilekile.

Skrubu ya mchanganyiko ikifungwa mpaka mwisho na injini haijali, usiendelee. Ama petroli inatoka kwingine, ama skrubu ya mwendo imefungua kipepeo mpaka matundu ya mpito (yanayolisha injini inapotoka kwenye sailensi) yameanza kumwaga. Kosa hili la pili ni la kawaida mno: mtu ana hewa kidogo kwa sababu PCV imeziba, anafungua kipepeo ili gari lishike, na tangu hapo skrubu ya mchanganyiko haina kazi. Ukiisafisha PCV, unaweza kukirudisha kipepeo mahali pake na skrubu inafufuka.

Baadhi ya kabureta zina utaratibu wao. Solex 34 PICT-3 ya Volkswagen Beetle haisetiwi mwendo kwa skrubu ya kipepeo, bali kwa skrubu kubwa ya njia ya pembeni iliyo ubavuni, na ile ndogo karibu yake ni ya mchanganyiko. Skrubu ya kipepeo ikichezewa, tundu la vakyumu la distribyuta linafunuka mapema na taimingi nzima inavurugika. Injini hiyo pia haina valvu ya PCV ya kawaida. Hupumua kupitia bomba la kujazia oili kwenda kwenye chujio la hewa, hivyo kagua mpira huo tu.

SU ni kiumbe kingine. Koo lake hubadilika kwa pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto, na sindano yake ndiyo inayopima petroli. Mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inajieleza. Hakikisha kwanza pistoni inashuka yenyewe na kugonga chini kwa sauti nyepesi, na juu yake kuna oili nyepesi. SAE 20 ndiyo ya kawaida. Mwanzo ni kushusha nati ya jeti pande 12, yaani raundi mbili, kutoka pale jeti inapolingana na daraja, sakafu ya koo chini ya pistoni. Injini ikiwa na moto, inua pistoni kwa kipini cha chini kama milimita 0.8 tu na usikilize. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito, pandisha nati upande mmoja. Injini ikianza kufa mara moja, ni mwepesi, shusha nati. Ikipanda kidogo sana kisha ikarudi, umefika. Zikiwa mbili, legeza kiunganishi chao, linganisha kwanza hewa kwa kipimo cha mtiririko au kwa mpira ambao ncha moja iko sikioni na nyingine mdomoni mwa kila kabureta, ndipo uguse mchanganyiko, halafu hewa tena.

Hatua ya tano: barabarani

Sailensi nzuri haimaanishi mwendo mzuri, kwa kuwa jeti kuu ndiyo inayolisha mwendo. Endesha barabara tupu uhisi. Gari likisita ukikanyaga ghafla, kisha likachomoka, tazama pampu ya akseleta: injini ikiwa imezimwa, chungulia kooni ukivuta waya, na mkondo wa petroli uanze papo hapo, uwe mnyoofu. Likikosa nguvu kwenye mwendo wa juu na kuimarika ukivuta choki kidogo, ni jepesi. Likitoa moshi mweusi na kuimarika ukifungua chujio, ni zito.

Plagi husema, lakini kwa petroli ya sasa husema kwa sauti ndogo. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Weusi unaong'aa na kulowa ni oili. Weupe uliopauka na vitone ni joto la mchanganyiko mwepesi. Plagi moja tu ikiwa na oili na nyingine safi, fuatilia mpira wa PCV uliunganishwa wapi. Ukichomekwa kwenye tawi la silinda moja badala ya chini ya kabureta, silinda hiyo inameza hewa na oili ya injini nzima.

Kipimo cha oksijeni cha masafa mapana kwenye eksozi kinamaliza ubishi. Petroli safi huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ya kabureta hutulia kwenye sailensi kwa 13 hadi 14, mwendo wa kawaida kwa 14 hadi 15, na ukikanyaga mpaka chini itake karibu 12.5 hadi 13. Wepesi kwenye mzigo ndio unaotoboa pistoni, kwa hiyo kosea upande wa uzito. Kumbuka pia mwinuko: kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, na kabureta haijui hilo. Gari lililosetiwa pwani litakuwa zito milimani. Lililosetiwa milimani na kupewa jeti ndogo litakuwa jepesi kwa hatari likishuka.

Kopo la kunasia oili

Kama pumzi ni nzima lakini bado kuna oili inayofika kwenye chujio la hewa, kopo la kunasia linasaidia. Liwe na bati au wavu wa chuma cha pua ndani ili mvuke ugonge na kudondoka. Kopo tupu lenye matundu mawili halinasi kitu cha maana. Likiwa upande wa kuvuta, kati ya PCV na manifoldi, lazima liwe limefungwa kabisa, maana tundu lolote hapo ni hewa ya wizi. Mipira isiwe myembamba kuliko ya kiwandani, na isiwe na bonde katikati ambapo maji yatalala. Ukishaliweka, rudi hatua ya nne.

Siungi mkono mtindo wa kuziba tundu la manifoldi na kuchomeka kichujio kidogo juu ya kifuniko cha valvu. Unaonekana nadhifu, lakini hakuna tena kinachovuta unyevu, harufu inaingia ndani ya gari, na oili inachakaa mapema. Kwa gari la bomba la kushuka chini, kuliwekea PCV ni kazi nzuri ikifanywa kamili: valvu ya injini yenye ukubwa unaokaribiana, bati la kuzuia oili kwenye tundu la kuvutia, hewa safi iliyochujwa kuingia upande wa pili, bomba la zamani lizibwe, kisha sailensi isetiwe upya.

Baada ya kazi yote, endesha kilomita mia kadhaa, umwage kopo na utazame kilichomo. Oili kidogo iliyochanganyika na maji ni kawaida wakati wa baridi. Kinachonuka petroli kali kinamaanisha mchanganyiko bado ni mzito au choki haifunguki yote. Kopo linalojaa haraka kwa oili tupu linakurudisha kwenye bati la kifuniko cha valvu au kwenye kipimo cha kompresheni. Andika idadi ya raundi za kila skrubu, namba za jeti na usomaji wa vakyumu, uviweke pamoja na kitabu cha gari, na uitikise PCV kila unapobadilisha oili.